Mgeni Huondoka Mara Tatu

Korini alikuja na daftari la jalada la njano,
kalamu imefungwa kwa uzi wa cherehani,
na siku ya kwanza, kabla hajavua viatu,
akaandika jambo.
Nikajiuliza: sebuleni kwangu kuna nini
cha kuandikwa?
Vitambaa vya kochi?
Kalenda ya mwaka juzi ninayoitunza kwa ajili ya picha?

Yote hayo, kumbe.

Aliandika kwamba hapa Migosi watu husema "nakuja"
huku wanaondoka.
Kwamba alipojikwaa mtaroni nilimwambia pole,
naye akajibu, "Si kosa lako, mama,"
tukabaki tunatazamana,
kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Omena: wana macho.
(Aliwala Jumatano ya pili, mmoja mmoja,
kama anayelipa deni.)

Aliandika kwamba asubuhi redio
husoma majina ya marehemu tukinywa chai,
na kwamba mimi hushikilia kijiko hewani, sikorogi,
mpaka jina la mwisho lipite.
Hilo sikuwa nalijua.
Miaka hamsini na minne, na silijui.
Kesho yake nilikitazama kile kijiko
kama mpangaji aliyekaa kwangu miaka yote
bila kujitambulisha.

Basi nami nikafungua daftari langu, la kichwani.
Kwamba akimenya kiazi, ganda huondoka na nusu ya kiazi.
Kwamba hushukuru kwa maji, kwa chumvi, kwa kupishwa mlangoni,
hata asante yenyewe ikachakaa
kama noti ya hamsini.
Kwamba usiku hucheka na simu, sauti chini,
kwao jua bado liko juu.

Jirani yangu Perez Awuor, muuza mkaa,
ndiye aliyemuuliza: "Wewe ulizaliwa lini?"
Akataja tarehe.
"Tarehe ni ya serikali," Perez akasema. "Saa ngapi?
Kulikuwa na mvua? Kulikuwa na jua? Tukuite nani?"
Hakujua.
Akampigia mama yake. Nilisikia ile sauti ya mbali
ikicheka, ikinyamaza,
kisha ikisimulia, ikisimulia,
chai ikapoa.

Ndani ya gari. Kando ya barabara kuu.
Theluji imefunga njia ya hospitali,
baba ameshika tochi, na tochi inatetemeka.
"Hajawahi kuniambia," Korini akasema.
Halafu: "Sijawahi kumuuliza."
Perez akapiga kofi moja, vumbi la mkaa likaruka:
"Ayoo! Wa njiani!"
Hilo hakuliandika.
Alifunga kalamu, akaomba chai nyingine.

Kilichomshinda ni kuaga.
*Mgeni huondoka mara tatu*, aliandika,
*kitini, mlangoni, na barabarani.*
Binamu yangu Ochola alimpimia kwa saa:
dakika arobaini na saba.
"Mbona hamuagi mara moja tu?"
Nikatafuta jibu, nikalikosa.
"Sasa kwani atembee peke yake?"

Siku yake ilipofika, Owiti alitangulia na sanduku kwenye toroli.
Tuliagana kitini.
Tuliagana mlangoni, nikarudi ndani kuchukua njugu nilizokaanga.
Tuliagana kwenye lami, teksi ikinguruma,
nikageuka haraka, maana uso wangu
sikutaka uingie daftarini.

Sijafika kwenye nguzo ya stima
nikasikia viatu nyuma yangu.
"Nakurudisha kidogo," akasema,
na akasema vizuri, kama mtu wa hapa,
kama mtu asiye na ndege ya kupanda.

Tulitembea hadi kwa Perez.
Honi ikalia. Ikalia tena.
Perez akapima debe, akasawazisha kwa kiganja,
bila kuinua kichwa akasema,
"Ayoo, ndege haitokei Migosi."

Ikabidi nimsindikize.