Matangazo ya Wiki

Kwanza, saa.
Hadi mitihani iishe tutafungua saa mbili asubuhi
na kufunga saa sita usiku, saa sita kamili.
Bi Halldora ameniagiza niipigie mstari hiyo kamili,
maana Desemba iliyopita wanne walilala ghorofa ya tatu
baina ya sheria za bima na sheria za bahari
(bahari yenyewe iko safari ya siku mbili kwa treni)
na mlinzi akaita polisi.

Pili, bomba la joto la chumba cha kusomea limetengenezwa.
Halikohoi tena. Linanong'ona tu,
kama shahidi aliyekwisha kukanywa na hakimu.
Nje ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
mto umekuwa njia ya mkato,
na Winnipeg nzima inatembea imejikunyata kama mdaiwa.

Tatu, juzuu mpya za hukumu za rufani zimewasili.
Zinanukia gundi. Mpaka sasa ni mhuri wangu tu uliozifungua.

Nne, vizibo vya masikio: bure, kaunta.
Ijumaa saa nane atakuja Perogi, mbwa wa kuliwaza,
dakika tano kwa kila mtu. Kumbembeleza, ruksa.
Kumwazima, hapana. Oksana wa mwaka wa pili ameshauliza.

Tano, kisanduku cha vilivyosahauliwa kimefurika:
glovu kumi na saba, zote za kushoto,
jino la dhahabu, lilitoka kinywani mwa nani sijauliza,
na miwani, jozi tatu.

Sita.
Ya sita sijui niiandikeje.

Jumanne aliingia mtu asiye mwanafunzi,
Bwana Télesphore Ducharme, barua ya mwenye nyumba
ameitia ndani ya mfuko wa mkate isilowe.
Theluji ikayeyuka mabegani mwake.
Akauliza kwa sauti ya mtu aliye kanisani:
"Wanaweza kunitoa?"

Juu ya kichwa changu kuna kibao, herufi nyekundu, kubwa:
WAFANYAKAZI HAWATOI USHAURI WA KISHERIA.
Alikisoma. Nilimwona akikisoma.
Naruhusiwa kusema: sheria ya upangaji iko rafu ile.
Siruhusiwi kusema: kifungu hiki ni chako, kishike.
Naruhusiwa kuwasha taa.

Nilikaribia kumwambia kuwa sheria ni msumeno,
ikienda inakata, ikirudi inakata,
lakini alikuwa amenoa misumeno miaka thelathini
katika kiwanda cha mbao, na vidole viwili
vilibaki hukohuko.

Kitabu alikishika mbali, kisha karibu, kisha mbali.
Nikaenda kuchukua kisanduku.
Miwani ya kwanza ilimfanya acheke. Ya pili, hapana.
Ya tatu, fremu ya kahawia, mkono mmoja umefungwa kwa plasta,
ilimkaa puani kama iliyoandikwa jina lake.
Akasoma kwa kidole gumba,
mstari kwa mstari, midomo ikitembea,
saa moja na nusu,
nami nikapanga viti ambavyo vilikwisha kupangwa.

Nilipopita nyuma yake, ukurasa haukuwa wenyewe.
Sikusema neno.
Nilifuta vumbi lisilokuwepo
na kurasa tatu zikafunuka.
Bi Halldora alikuwa akitutazama kutoka ofisini.
Akavua miwani yake, akaanza kuipangusa,
polepole, polepole sana.

Kesi ni Alhamisi hii.

Kwa hiyo, sita:
aliyepoteza miwani ya fremu ya kahawia, habari zake tunazo.
Imeazimwa.
Tarehe ya kurudishwa haijapangwa.
Faini hakuna.