Kimo cha Kiti

Miaka kumi na minne nilikaa dirishani,
ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi,
meza yangu ikichechemea mguu mmoja,
nami nimeukingia karatasi ya bima iliyokunjwa mara nne:
dai la mtu wa Ahero, gari lililozama kwenye majaruba ya mpunga.
Alilipwa, usihofu.

Droo ya kwanza: kalamu, chumvi kwenye kichupa cha dawa,
sindano na uzi mweusi, maana kifungo hakichagui siku ya kukatika.
Droo ya pili: ndara.
Droo ya tatu haikufunguka tangu Zedekia Obonyo
astaafu na ufunguo wake. Kulikuwa na kitu humo,
kikigonga taratibu kila nikivuta kiti.

Wakaja vijana wenye futi za kukunja,
wakapima hewa, wakabomoa ukuta,
na Bi Vugutsa, meneja, akasimama mbele ya keki
akasema, tangu leo kila meza ni ya kila mtu.
Tukapiga makofi. Keki ilikuwa tamu, sitadanganya.
Nami nikawaza:
cha wote huoshwa na nani?

Sasa kila jioni simu huniuliza, kesho utakaa wapi?
Swali ambalo mama mwenye nyumba pekee
alikuwa na haki ya kuniuliza.
Nikichelewa kujibu, mvua ikitushika Nyamasaria,
hupewa ya sita, ambapo baridi ya mashine humwagika shingoni
na mimi nimetoka kwenye jua la Kisumu, shati limegandana na mgongo,
au kumi na saba, jirani na choo.
Mgeni siku ya tatu hupewa jembe.
Mimi siku ya mia mbili napewa nambari.

Mali yangu ni kikabati cha upana wa shubiri mbili.
Ndara zilikataa kukaa na chumvi.
Nikachagua chumvi.

Apondi wa hesabu, miaka tisa tulipeana migongo,
Jumatatu tukajikuta uso kwa uso.
Ana kovu dogo juu ya mdomo. Sikujua.
Jiko la mafuta, akasema, Bondo, darasa la pili.
Hilo nimeliandika upande wa faida.

Asubuhi magugu maji yako gatini, kijani kibichi,
na ndege juu yake wamesimama kama wenye hati.
Adhuhuri upepo umeyasukuma hadi Dunga,
na ndege pamoja nayo.
Sijaona ndege akilalamika,
ila pia sijawahi kumsikiliza kwa makini.

Halafu kuna huyu mtu.
Simjui. Ni wa zamu ya usiku, wa simu za dharura,
huondoka kumi na saba kabla sijafika.
Ni mrefu: kiti hukiacha juu,
miguu yangu ikaning'inia kama ya mtoto kanisani,
nikabonyeza wenzo, nikashuka,
pfff,
ndiyo sala yangu ya asubuhi siku hizi.
Huacha punje za simsim kati ya herufi.
Mwanzo nilizipangusa kwa hasira. Baadaye nikawa nazihesabu.
Siku moja hazikuwepo
nikashinda na swali: anaumwa?

Wiki hii nimeomba kumi na saba kwa hiari, choo na yote.
Alhamisi nimeweka mfuko, nimejiandaa kuning'inia,
nyayo zikagusa sakafu.
Kimo changu. Kamili.
Hata egemeo limelegezwa ninavyopenda.

Barasa, fundi, amekiinamia akakikagua.
Huenda gesi imeisha, amesema, viti hivi huzama vyenyewe.
Nimemwambia akiache.

Jioni nimekipandisha hadi mwisho,
sikungoja kuona kama kitazama,
na kando ya kibodi nimeacha kichupa cha chumvi,
bila jina.