Tangi la Kushoto

Nati ishirini na nne, spana namba kumi na tisa,
na ya mwisho imegoma, kama mgeni asiyetaka kuaga.
Fundi Chilumba anaipiga nyundo, anaitukana,
anaiomba radhi, anaipiga tena.
Mfuniko unaachia. Harufu inatangulia kutoka:
chungu kilichosahaulika, sarafu mdomoni.

Tunapuliza hewa mpaka saa nne.
Kisha naingia mimi, kwa kuwa mabega yangu yanapita.
Wenzangu wana vyeti vya chuo cha Dar,
mimi nina mabega.
Kamba kiunoni, taa kwenye paji la uso.
"Nikigonga moja, jibu mbili," anasema,
"usipojibu nakuvuta kama ulivyo."

Ngo.
Ngo, ngo.

Wasemao fulani katulia kama maji ya mtungini
hawajawahi kuingia mtungini.
Maji yakitulia hayalali. Yanafuma.
Utando laini kama ndani ya shavu
umetanda kutoka taruma hadi taruma,
na chini yake tope jekundu, kina cha vidole viwili,
na ndani ya tope: kifuniko cha kalamu,
mbawa za mende,
na mjusi kafiri, mzima, mweupe kama kitambaa cha bafta.
Tumekuwa tukichemsha naye chai tangu Ramadhani.
Nahodha Bakili aliisifu ile chai.

Ngo.
Ngo, ngo.

Magadi kwanza. Brashi ya nailoni, si ya waya;
waya hukwangua rangi, na palipokwanguka
kutu huhamia na ukoo wake wote.
Pembe hazikubali brashi. Pembe zinataka vidole,
nami nazipitia moja moja, nimelala ubavu,
nasikia juu yangu viatu vya watu sitahani,
redio ya mpishi, na upepo ukifagia vumbi la makaa ya mawe
kutoka meli iliyofunga gati la pili.

Ngo.

Ngo. Ngo, ngo, ngo.
"Somoe! We Somoe!" Kamba inanibana mbavu.
Ngo, ngo, Fundi. Nipo. Nilikuwa nawaza.
"Usiwaze ndani ya tangi!"

Nilikuwa Chikongola, nyumbani,
ambako maji hutoka Jumanne na Jumamosi, usiku,
na mama hulala bombani kwa sikio moja,
ndoo zimepangwa kama watoto wa madrasa.
Hapa tutalijaza tangi kwa dawa ya klorini, tulimwage baharini,
tulijaze tena, tulimwage tena:
nimepiga hesabu, mapipa thelathini.
Hayanyweki, najua. Najua.
Lakini saa tisa, mkono wangu ulipofika kwenye valvu,
ulisita, kama unaoambiwa umwage uji wa mtoto.
Nikafungua. Bahari haikushukuru.

Wavu wa bomba la pumzi ulikuwa umetoboka;
ndiko alikopita marehemu.
Nikakata kipande cha shaba, nikakifunga mara mbili,
nikaweka na mpira mpya mfunikoni.

Desturi ya Chilumba: aliyelisafisha hunywa wa kwanza,
kabla ya nahodha, kabla ya mpishi.
Wakasimama sitahani wote saba
wakiutazama mdomo wangu na kikombe cha bati.
Nikanywa. Nikatafuta kwa ulimi:
kutu, hakuna. Dawa, kwa mbali. Mpira mpya, kidogo.
"Vipi?"
Nikanywa tena, taratibu, niwacheleweshe.
"Hamna mtu," nikasema.
Wakacheka, wakagombea kikombe.

Nilirudi na dumu la lita tano.
Mama akalinusa, akakunja pua, "Yana dawa haya,"
akaoshea vyombo,
akanikaribisha ming'oko ya chumvi na pilipili,
akanichotea maji ya kunywa kutoka mtungini kwake,
ule wa kona, uliokuwa wa bibi,
unaojazwa juu kwa juu miaka yote.

Nikakiweka kikombe chini.
Nikakunja mkono wa gauni, nikazamisha mkono hadi begani,
nikapapasa ukingo wa ndani, chini ya shingo.

Laini. Kama ndani ya shavu.

"Unatafuta nini humo?" mama akauliza.
Nikamwuliza magadi anaweka wapi.