Maziwa ya Usiku wa Tatu

Usiku wa tatu, theluji imefika kizingiti cha dirisha.
Barabara ya kushukia Mestia imefukiwa mahali fulani kule chini,
na simu, niliyoiweka juu ya kabati la vyombo
pale ilipozoea kunasa mtandao,
imelala kama jiwe.

Besarioni yuko Zugdidi, kifua wazi mbele ya madaktari,
au keshashonwa, au
hapo ndipo fikra inapogeuka mbwa
ikaanza kuufukuza mkia wake.

Bwana, nilijaribu kuomba.
Niliwasha mshumaa wa nta mbele ya Mtakatifu Giorgi,
nikaanza Baba Yetu, nikafika kwenye mkate,
nikakumbuka sikumfungashia soksi za sufu.
Nikaanza upya. Nikakwama palepale.
Mara ya nne nikamkasirikia Giorgi mwenyewe,
yeye na farasi wake asiyechoka,
mkuki mkononi miaka yote hiyo na joka halijafa.

Nikahesabu. Kuni za siku tisa. Unga wa mwezi.
Daktari alisema masaa sita; masaa sita yalikwisha juzi.
Nikahesabu tena, kana kwamba namba zikipangwa vizuri
zitaizoa theluji.

Ndipo Tsabla akalia zizini.
Ng'ombe hajui habari za upasuaji.
Kiwele kimejaa, wakati umefika, basi.

Nikachukua taa na ndoo, nikashuka ngazi za mawe,
nikaketi kigodani, nikashika chuchu,
naye akanitupia teke, ndoo ikabingirika hadi mlangoni.
Miaka sita namkamua, hajawahi.
Nikaitazama mikono yangu kwenye mwanga wa taa:
ilitetemeka kama ya mlevi.

Kila mkamuaji anajua, nami nilijua nikasahau:
maziwa hayavutwi. Hushuka.

Nikaegemeza paji la uso ubavuni mwake.
Kule ndani, nyuma ya mbavu, nyasi za kiangazi zilikuwa zikisagwa
kwa mngurumo wa polepole,
kama jirani anayesogeza kabati usiku.
Joto lake likaniingia kichwani.
Sikuomba. Naapa sikuomba.
Nilikaa tu, maana sikuwa na pengine pa kukaa.

Sijui ilikuwa muda gani.
Miguu ilikufa ganzi, nikaiacha.

Kisha maziwa yakashuka.
Mchirizi wa kwanza ukagonga bati, tii,
wa pili, tii,
mpaka sakafu ya ndoo ikafunikwa, mlio ukawa mnene, laini,
na mimi nikagundua kwamba napumua.

Kama ni Wewe uliyekuwa pale, Bwana,
hukuniambia kitu.
Hukusema atapona.
Nilikutegea sikio, sikufichi,
nikaambulia ng'ombe akicheua.
Lakini mikono ilikuwa imetulia,
na aliyeituliza si mimi.

Sasa nimepanda juu. Simu bado jiwe.
Nimechuja maziwa kwa kitambaa, nimejaza birika,
na bakuli moja nimelifunika, la Besarioni,
ingawa yatakuwa yamegeuka mtindi kabla barabara haijafunguliwa.
Anapenda mtindi.

Hofu haijaondoka. Imeketi karibu na jiko,
mgeni aliyezuiwa na theluji kama sisi sote.
Nimempa pa kujinyoosha.
Kitanda changu sikumpa.

Mshumaa wa Giorgi umekwisha, na siwashi mwingine;
Wewe huhitaji taa kuniona.
Gizani naanza tena Baba Yetu,
nafika kwenye mkate,
na safari hii sikwami, natua tu.
Mkate wa leo. Wa leo peke yake.
Sijui kama niliwahi kufika kwenye amina.