Mshika Kamba

Saa moja kasorobo, mwezi wa pili, barafu imekamata kioo cha gari.
Gethin anaikwangua kwa kadi ya benki,
kadi ile ile iliyokataliwa juzi kwenye pampu ya mafuta.
Anasema: walau imepata kazi.

Mimi ni Lowri, mkewe na mshika kamba wake.
Mchana nashika kamba, usiku nashika ankara,
na sijui kati ya hizo ni ipi inayochubua zaidi.

Mama yake, Mungu amrehemu, aliwaambia kanisa zima:
"Mwanangu ni mpasuaji."
Akanyamaza hapo hapo.
La miti hakulitaja mpaka tunamzika.

Leo ni mwaloni wa Bi. Probert.
Kampuni ya bima imeandika kwamba mizizi imepasua ukuta.
Bi. Probert anasema ukuta ulikuwa na ufa kabla yeye hajaolewa,
ila barua ya bima haina masikio,
na sisi tumeshakodi mashine ya kusaga matawi,
siku nzima, inyeshe isinyeshe.

Gethin ana miaka arobaini na saba, magoti yana sabini.
Kabla ya kupanda huugonga mti kwa nyundo ya mpira,
sikio kwenye gome:
umejaa, umejaa, umejaa.
Kisha njumu, kulabu, mkanda,
msumeno ukining'inia kiunoni kama mtoto mtundu
asiyeachwa nyumbani peke yake.

Nami natazama juu mpaka shingo inalia.
Uzito wake naujua kwa viganja.
Najua anapofikiria mkopo: kamba inalegea kidogo, halafu inashtuka.
Tawi la kwanza linashuka polepole, nalipokea
kama mtu anayepokea sinia lililojaa vikombe.

Jirani anatoka na kanzu ya kuogea.
Unga wa mbao umeangukia gari lake, aliliosha jana,
tutamaliza saa ngapi, kelele hizi zina kibali cha nani?
Anasogea. Anapunguza sauti.
Na ua wangu ule wa nyuma, mnaweza kuupunguza?
Kwa bei ya ujirani. Bila risiti.

Mara msumeno unanyamaza.
Si kunyamaza kwa mafuta kuisha, huko nakujua.
Gethin amebandika shavu kwenye tundu, mita tisa juu,
anashusha neno moja, kwa mnong'ono:
"Popo."

Si ndege, si mnyama wa miguu, ila ana sheria yake.
Kumi na mmoja, wamelala usingizi wa baridi,
wamekunjwa kama glavu za watoto kwenye droo.
Sheria inasema acha, shuka, piga simu, subiri mkaguzi.
Mkaguzi anasema Alhamisi ya wiki ijayo. Labda.

Mashine ya kukodi imesimama getini na mdomo wazi.
Nikaihesabu hasara pale pale, kwa vidole, nimevaa glavu.

Bi. Probert akaleta chai, na keki ya zabibu
ambayo kwa vyovyote ilianza kuokwa kabla hatujafika.
"Huwa nawahesabu kila Juni," akasema, "wakitoka jioni."
Mbona hukutuambia?
"Nani aliniuliza?"
Akamimina, uso ukiwa nyuma ya mvuke.
Nilitaka kukasirika. Nikachukua kipande cha pili.

Usiku nafungua daftari la hesabu:
dizeli, kukodi mashine, mnyororo mpya wa msumeno.
Upande wa mapato naandika: keki.
Nafuta. Naandika tena.

Gethin amelala, ngumi imefumbwa juu ya shuka.
Nalivuta kidogo, upande wangu una baridi.
Hajaamka,
lakini mkono wake unakaza,
unasubiri nimwambie kama chini kuna mtu.