Reale Iliyotoka Shimoni

Kitsao alikuwa akichimba shimo la choo
nyuma ya nyumba ya Bi Shekue, Kibokoni,
sururu ikagonga kitu kisicholia kama jiwe.
Akaniletea dukani ndani ya mfuko wa chumvi.
"Hebu tazama, sonara. Ni mali au ni taka?"

Nikaisugua kwa ndimu na jivu.
Msalaba, na pembeni mwake simba aliyechakaa;
ukingo umekatwakatwa kama ukucha wa mtoto.
Mizani ikasema: gramu ishirini na tatu,
na chembe ya kubishania.

Fedha hii haikuzaliwa hapa.
Ilitoka mlimani, ng'ambo ya bahari mbili,
kwa watu walioingia mgodini wakiwa na majina
wakatoka wakiwa hesabu.

Mimi si msomi wa mambo ya kale. Najua bei.
Basi nayaona yaliyowapata kule kwao:
meli inatia nanga, kengele zinapigwa,
nani tena atainama na jembe?
Mfumaji aliuacha mtande wake
akavaa kitambaa cha jirani.
Mfua vyuma alinunua misumari.
Mkate wa sarafu moja ukataka tatu, kisha saba,
na mfalme, mwenye milima ya fedha,
akakopa.
Ilipita mikononi mwao kama maji kwenye kung'uto,
ikaenda kutulia kwa waliokuwa bado
wanashona, wanasubu, wanapanda ngano.

Na hapa, siku lango la ngome lilipofungwa
na mizinga ikawa ndiyo inayozungumza
(hakuna aliyenisimulia; ukingo huu wanitosha),
askari mmoja mwenye njaa
aliinyoosha reale hii juu ya ukuta
kwa mwanamke mwenye kibaba cha mtama.
Mwanamke akaitazama.
Akautazama mtama.
Akajitanda ukaya wake, akaenda zake.

Walipoondoka walituachia meza,
kasha, bendera, leso,
na gereza, neno ambalo kwao lilikuwa kanisa.
Hayo hayakatwi ukingo.
Twayatumia kila siku, bila riba.

"Sonara, umelala? Shilingi ngapi?"
Nikamtajia bei ya leo, kwa gramu.
Kitsao akahesabu kwa vidole:
mifuko mitatu ya saruji,
na shimo lataka sita,
na Bi Shekue ataka choo chake kabla ya Maulidi.

"Ungeipeleka makumbusho," nikasema.
"Makumbusho watanipa saruji?"

Nikawasha moto.
Msalaba ulikaa kitambo,
mwekundu, mkaidi.
Simba ndiye aliyetangulia kulainika.