Mgeni wa Mwaka wa Saba

Barua imeingia saa tisa ya usiku.
Ni macho, feni imekufa,
Langoni nzima haina umeme tangu isha
na simu imebaki asilimia kumi na moja.
"Programu yako ina hitilafu," benki imeandika.
"Saa zako zimekosea kwa saa sita."

Nilicheka peke yangu gizani
hata punda wa Bwana Kale akanijibu kule chini.

Hazikukosea. Ndiyo kazi yake.
Mistari mia mbili na kumi na miwili
niliyoandika mwaka ule mamangu alipokosa kliniki:
ujumbe ulisema saa mbili, naye akenda saa mbili,
jua lingali changa, akakuta kufuli.
Daktari alifika saa nane.
Mashine ilikuwa na saa zake, mamangu ana zake,
na aliyepanda ngazi mara mbili kwa magoti mabovu si mashine.

Basi nikaifunza kuhesabu kama sisi.
Nikaifunza kwamba usiku wa Ijumaa huitangulia Ijumaa
(hapo pekee pana mistari sitini, na majuto).
Nikaiweka wazi, kwa leseni ya maneno machache:
chukua, tumia, badili, mpe mwenzio.
Sikuandika popote: niamshe.

"Wakulipa ngapi hao?" mamangu huuliza.
Hawanilipi.
"Basi wafanya bure."
Na hapo lugha yangu mwenyewe hunikaba,
maana cha bure ni kisicho bei
na cha bure ni kisicho maana,
tumewafunga wawili hao kwa leso moja
kisha twashangaa wakitoka wamefanana.

Miaka saba benki imekula kwangu.
Siku mbili ni mgeni, ya tatu mpe jembe,
lakini nani ampe jembe mgeni asiyebisha hodi,
aliyeingia usiku, akala, akauza chakula,
na leo analalamika chumvi?

Tena mimi si mtu wa mitindo, nikiri.
Kila msimu huja kiunzi kipya na vijana wake
wakiapa kwamba cha jana kimeoza.
Ukurasa wa nauli ya kuvukia Mokowe, nauli tu,
umebeba tegemezi mia tisa,
na simu ya hamali hapo gatini
inapumua kama punda aliyepakiwa mawe.
Nyumba njema si mlango. Sisi tumechonga milango,
tumeipaka mafuta, tumeipigia misumari ya shaba,
na ndani hamna hata kata ya maji.
Msimbo ninaoupenda ni ule nilioufuta.

Asilimia saba.
Chini ya barua ya benki palikuwa na nyingine,
ya juzi, sikuiona, imetoka Faza:
"Shikamoo. Samahani. Mimi ni Mwanapate, kidato cha tatu.
Jua likichomoza programu inasema ni saa sifuri.
Nimemuuliza bibi, kasema hakuna saa sifuri.
Samahani, nimerekebisha. Ni mstari mmoja. Samahani."

Nikausoma mstari wake.
Nikausoma tena, kidole juu ya kioo.
Sita ongeza sita, gawa kwa kumi na mbili, baki ni sifuri:
kweli tupu ya hesabu, na uongo mtupu wa alfajiri.
Miaka saba jua limechomoza saa sifuri
katika mabenki, katika tikiti za mabasi,
kwa watu wa Oslo ambao sijui waitakiani,
wala hakuna aliyelalamika,
maana hakuna aliyekuwa na bibi wa kumuuliza.

Nikaupokea. Nikamwandikia: usiombe samahani tena.
Kisha nikafungua faili ya majina ya watunzaji,
iliyokuwa na mstari mmoja tangu siku ya kwanza,
nikaandika Mwanapate chini yangu.

Asilimia nne.
Benki nitaijibu kesho, saa moja kamili.
Wahesabu wenyewe ni saa ngapi.